Nafasi Moja, Askari Wawili

Ujiji, 18 Mei

Telesphory, niwie radhi. Tangu Novemba sijakuandikia hata mstari mmoja. Daftari lako la masika lilinifikia, nikalisoma mara mbili, nikaliweka juu ya kabati bila kulijibu. Sikuwa mgonjwa wala safarini. Nilikuwa sina la kuandika, na mtu asiye na la kuandika hujiona mzee. Tulipostaafu tuliahidiana kwamba kila mmoja wetu ataandika shajara ya msimu wake na kumpelekea mwenzake. Ahadi hiyo niliivunja mimi. Ninaianza upya leo kwa sababu nimepata kazi.

Kamanda wa kikosi kilicho hapa mkoani alinipigia simu juzi. Amepewa nafasi moja ya kozi ya ukomando itakayoanza Septemba, na askari waliopita uchunguzi wa daktari ni wawili. Ameniomba niwanoe kwa miezi mitatu, kisha nimwandikie taarifa ya nani anafaa kwenda. "Mzee Wilfred," alisema, "wewe umefundisha kozi hiyo miaka kumi na tisa. Neno lako nitalisikiliza." Nilimwambia kwamba mmoja wa hao wawili ni binti wa marehemu mdogo wangu. Akanijibu kwamba analijua hilo, na ndiyo sababu anataka taarifa ya maandishi.

Mtoto mwenyewe ni Koplo Scola, ambaye mimi na mke wangu Winfrida tumemlea humu ndani tangu akiwa na miaka sita. Mwaka jana alikwenda kozi hiyo hiyo, akarudishwa siku ya thelathini na moja, na mpaka leo hajamwambia mtu sababu. Anaruhusiwa kujaribu mara ya pili. Mara ya tatu haipo. Mwenzake ni Gasper, mtoto wa wavuvi wa Katonga, mwenye miaka ishirini na minne na mabega kama mlango wa ghala.

Ninakwambia mapema: kwa ninavyowaona leo, ataenda Gasper.

20 Mei

Saa kumi na moja na nusu alfajiri walikuwa ufukweni, mikoba ya turubai mgongoni. Mikoba hiyo niliishonesha kwa fundi wa Mwanga, nikamtaka aiwekee mikanda mipana. Kila mmoja alijaza mchanga kilo ishirini, tukapima kwa mizani ya dagaa ya Bonifasi. Bonifasi ni jirani yangu. Ana mtumbwi wa injini, na kwa miezi hii mitatu hana kazi, kwa kuwa ziwa limepumzishwa uvuvi hadi katikati ya Agosti.

"Hapa ufukweni mimi ni afande," niliwaambia. "Nyumbani kwangu, Gasper utaniita mzee, na Scola utaniita baba mkubwa."

"Na njiani, afande?" akauliza Gasper.

"Njiani unakimbia. Hutakuwa na pumzi ya kuniita."

Tulikwenda Katonga na kurudi, wao kwa miguu, mimi kwa bodaboda. Gasper alimtangulia Scola kwa dakika nne.

21 Mei

Mbio na mchanga. Gasper wa kwanza.

22 Mei

Vivyo hivyo.

30 Mei

Bonifasi ameniambia jambo. Kila alfajiri, kabla sijafika, Scola hupima mkoba wake upya. Mchanga uliochotwa ukiwa na maji hukauka, na mkoba uliokuwa kilo ishirini juzi leo ni kilo kumi na tisa. Scola huongeza viganja viwili vitatu, hufunga, wala hasemi kitu.

"Na Gasper?" nilimuuliza.

"Gasper huuchukua ulivyo, mzee. Anasema mchanga ni mchanga."

Sikumkemea Gasper. Sikuwahi kumwambia apime.

4 Juni

Leo tumeogelea kutoka Bangwe kuelekea Katonga, kilomita tatu, wao wakiwa na suruali na fulana, buti zimefungwa shingoni. Mimi na Bonifasi tuliwafuata kwa mtumbwi. Ziwa lilikuwa limelala. Hakuna taa, hakuna wavu, hakuna mtu.

Tulipofika katikati, mashua ya doria ilitujia kwa kasi. Ofisa wao alisimama na kuuliza, "Nyavu mmeficha wapi?"

"Hatuna nyavu, mkuu," alijibu Bonifasi. "Samaki wenyewe ndio hao wawili, na wanatoroka."

Ofisa hakucheka. Nilimpa barua ya kamanda, naye akaisoma neno kwa neno, kisha akaisoma tena. Kwa dakika kumi na moja askari wangu walikaa palepale majini wakipiga miguu ili wasizame, maana sikuwaruhusu kushika mtumbwi. Gasper alilala chali na kuuliza kama kuna mtu mwenye chai. Scola alifumba mdomo na kuhesabu. Niliona midomo yake ikibadilika rangi, nami nikajifanya sioni. Hatimaye ofisa alinirudishia barua na kuwaambia, "Endeleeni kutoroka."

Gasper alifika dakika ishirini kabla ya mwenzake. Scola alitoka majini kwa miguu na mikono, akatapika, akasimama wima, akanipigia saluti. Niliandika: amefika.

9 Juni

Mikanda ya mikoba imeanza kukata mabega. Winfrida ametoa mawese ya kupaka. Hakuna aliyelalamika.

17 Juni

Walikuwa hawajalala tangu jana alfajiri. Usiku kucha nimewatembeza, na asubuhi nimewaleta nyumbani wakipepesuka. Winfrida alikuwa amepanga vitu kumi na vitano mkekani na kuvifunika kwa khanga. Niliwafunulia kwa dakika moja tu. Baada ya hapo wakapanda kilima na mikoba yao, wakashuka, wakavitaja.

Gasper alitaja tisa. Aliongeza na bakuli ambalo halikuwapo, na alipoambiwa halikuwapo alitaka kubishana nalo. Scola alitaja kumi na vinne, kisha akasema, "Kuna kimoja zaidi. Sikukiona."

"Kama hukukiona, umejuaje kipo?"

"Mama mkubwa bado anasubiri, afande. Usoni anasubiri."

Kilikuwa sindano ambayo Winfrida aliichomeka ukingoni mwa mkeka. Wewe ulikuwa ukisema kwamba mwili huchoka kabla ya akili kwa askari mzuri, na akili huchoka kabla ya mwili kwa askari mwenye nguvu. Leo nimeuona usemi wako umekaa mkekani.

24 Juni

Katikati ya kilomita ya kumi na sita nimewasimamisha na kuwauliza swali lile la zamani: kwa nini uko hapa?

"Kwa sababu naweza, afande," alijibu Gasper.

"Kwa sababu nilirudishwa," alijibu Scola.

Jibu la Gasper ni la kijana. Jibu la Scola nimeliona baya zaidi. Anayekwenda kozi ili kufuta aibu huwa na mkoba wa pili ambao hakuna mizani ya kuupima. Nilimwambia hivyo. Akajibu, "Ndiyo, afande," akaendelea kukimbia.

8 Julai

Upepo wa kusini, siku ya tatu. Mawimbi hayaruhusu kuogelea. Leo ni kupanda kamba na kutambaa kwa viwiko.

12 Julai

Ukucha wa kidole gumba cha Scola umetoka. Kilomita mbili kabla ya mwisho, Gasper, ambaye alikuwa mbele kama kawaida, aligeuka na kumrudia.

"Lete huo mkoba, Koplo. Utaota mizizi hapa."

"Ukiubeba wewe, atapimwa nani?"

"Hakuna anayekupima. Mzee yuko kwenye bodaboda, anakula karanga."

"Basi niote."

Gasper hakuondoka. Alitembea pembeni yake hadi mwisho, akiimba vibaya wimbo wa mchakamchaka, naye Scola akamwomba kwa heshima zote anyamaze. Ni mara ya kwanza Gasper hajawa wa kwanza. Karanga nilikuwa ninakula kweli.

Nilimdhania kijana wa kujionesha. Huenda nilikosea, na leo ninaliandika.

27 Julai

Leo nitaandika kwa kirefu.

Jana alfajiri niliwaacha Simbo, kila mmoja mahali pake. Kazi yao ilikuwa kufika mdomoni mwa mto Luiche kabla ya leo saa sita mchana bila kugunduliwa. Niliwaruhusu kuvaa watakacho. Niliwasomea kanuni ya saba ya kozi kama tulivyoiandika mimi na wewe: mtahiniwa hataonekana wala kuzungumza na mtu yeyote. Siku iliyotangulia nilikuwa nimewaambia watu wanne wa njiani, wasiowajua askari hawa, kwamba atakayemwona askari anipigie simu, nami nitampa kilo mbili za sukari.

Jana saa tatu asubuhi alinipigia Regina, mjane anayekamua mawese kando ya njia.

"Mzee, askari wako nimemwona. Kavaa kanzu, kabeba fimbo, anaelekea bondeni."

"Umejuaje kwamba ni askari, mama?"

"Amenipita hatua kumi hapa, mimi na uzee wangu nimekaa, hakusema hata neno. Mtoto wa huku kwetu Uha hawezi. Nikasema huyu ni mwizi ama ni askari. Lakini mwizi angenisalimu."

Nilituma kijana wa bodaboda akamleta Gasper kabla ya saa nne, kanzu imejaa tope, uso umekunjamana. Scola hakuna aliyempigia simu. Leo saa nne asubuhi alitokea kwenye matete ya mto amevaa khanga, jembe begani. Nilifurahi, Telesphory. Sikuonesha, lakini nilifurahi.

Niliwaketisha wote wawili mchangani na kumuuliza Scola swali ambalo hujibiwa kwa mstari mmoja: "Umeonwa na nani?"

Angeweza kusema hakuna. Mimi ningeandika hakuna.

"Nimeonwa, afande," alisema. "Na nimezungumza."

Alieleza. Kwenye kona ya njia alimkuta bibi anakamua mawese, hatua tatu mbele yake, pasipo pa kujificha. Aliweka jembe chini, akainama, akapiga makofi taratibu kama tunavyomsalimu mkubwa huku kwetu, akasema kwa Kiha, "Mwakeye, mawe," yaani umeamkaje, mama. Bibi akamjibu, akamuuliza kwao, akampa kipande cha muhogo. Scola aliula akiwa amesimama, akashukuru, akaenda zake.

Nilimpigia simu Regina palepale, nikamuuliza kama jana alimwona mwanamke yeyote.

"Binti mmoja tu alipita kwenda shamba," alisema. "Ana adabu sana. Kwa nini, amepotea?"

Gasper alicheka kwa hasira. "Kwa hiyo mimi nimekamatwa kwa kutii kanuni, na huyu Kamanda Shikamoo amepita kwa kuivunja."

"Ndivyo ilivyo," nilimjibu, maana ndivyo ilivyo.

Hapo Scola alisema jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu kwa mwaka mzima. Mwaka jana, siku ya thelathini na moja, mbali na huku, alikutana hivyo hivyo na mzee mmoja porini. Aliinama na kupiga makofi. Katika nchi ile hakuna anayesalimu kwa makofi. Mzee yule alimshangaa, akawaambia wakufunzi kwamba amepita mgeni mwenye salamu za ajabu, na jioni hiyo wakamkamata.

"Mikono ilikwenda yenyewe, afande," alisema.

Aliyeifundisha mikono ile ni mimi. Alipokuwa na miaka saba alimpita shangazi yake bila kumsalimu, nikamrudisha njia nzima kutoka sokoni hadi nyumbani, peke yake, akasalimu, akarudi.

"Na jana?" nilimuuliza. "Ulichagua kumsalimu yule bibi, au mikono ilikwenda yenyewe tena?"

Alinitazama. Alijua kwamba nafasi yake imo ndani ya jibu hilo.

"Sijui, afande."

28 Julai

Mapumziko. Sijalala vizuri. Ikiwa alichagua, amejifunza kutumia kile kilichomwangusha, na huyo ni komando. Ikiwa hakuchagua, amebahatika kuwa kwao, na kozi haifanyiki kwao.

29 Julai

Mbio. Gasper hanisemeshi zaidi ya "ndiyo, afande." Ana haki.

2 Agosti

Nimempa Gasper hoja yake kama nitakavyoiandika katika taarifa, ili aione kabla sijaituma: kwamba alitii, na kwamba kutii ndiko kulikomkamatisha. Aliisoma akiwa amesimama, akasema, "Hapo sawa, mzee." Tukaanza kuzungumza tena.

6 Agosti

Nimeamua kupima lile ambalo Scola hakulijua.

Leo niliwalaza wawili wao katika matete ya Luiche, hatua chache kila upande wa njia, kuanzia alfajiri hadi saa nane mchana. Waliamriwa wasitikisike wala kutoa sauti hata iweje, isipokuwa wakisikia filimbi yangu. Mimi nilikaa ng'ambo kwenye tuta la mpunga na darubini. Kisha nikamtuma Winfrida.

Sikumwambia Winfrida zaidi ya kwamba aketi njiani achambue maharage na amsalimu Scola. Hakupenda. "Unataka nimsalimu mtoto wangu halafu asinijibu?" aliniuliza. Nilimwambia ndiyo. Alikwenda kwa sababu anamtakia Scola nafasi ile kuliko mimi.

Aliketi. Akasalimu. "Mwakeye, mwanangu. Najua upo." Kimya. Akamtaja kwa jina la nyumbani, ambalo sitaliandika hapa. Kimya. Akamsimulia habari za ndugu, za harusi ya Mwanga, za mbuzi aliyekula shuka. Ikapita saa moja, zikapita mbili, tatu. Siafu walipita kwenye mkono wa Scola, niliwaona kwa darubini, na mkono haukutikisika. Kila baada ya muda Winfrida alisema, "Nakusalimu mara nyingine." Kadiri saa zilivyokwenda, sauti yake ilikuwa inabadilika.

Saa saba Winfrida alisimama ili aondoke, akateleza kwenye tope la ukingo, akaanguka kwa ubavu. Hilo halikuwa la kupangwa. Niliinuka, filimbi ikaniponyoka mkononi.

Gasper alitoka kwenye matete kabla sijaiokota. "Mama, umeumia? Nishike hapa, taratibu." Alimnyanyua kama anavyonyanyua mkoba wake, akamketisha pakavu, akamfuta tope kwa mkono wake mwenyewe. Scola, ambaye alikuwa amelala hatua tano kutoka hapo, hakutoka.

Nilipuliza filimbi. Ndipo alipotoka, mikono na shingo vimevimba kwa siafu. Hakuja kwangu. Alikwenda kwa Winfrida, akapiga magoti, akapiga makofi, akamsalimu kwa kila salamu aliyokuwa anadaiwa tangu alfajiri, moja moja, bila kuruka. Winfrida aliyaacha makofi yale yaende muda mrefu kabla ya kumjibu.

"Ulimwona mama yako ameanguka," nilimwambia Scola.

"Nilimwona, afande. Nikamwona na Gasper anainuka. Kazi ilihitaji mtu mmoja."

"Na kama Gasper asingeinuka?"

"Nilikuwa ninahesabu. Hadi tatu ningetoka."

"Ulikuwa umefika ngapi?"

"Mbili."

Gasper alimtazama kwa muda mrefu. "Mimi sikuhesabu," alisema.

7 Agosti

Ubavu wa Winfrida umechubuka tu. Jana jioni hakunisemesha. Leo asubuhi, akinipa chai, alisema, "Yule Gasper amelelewa." Nikamuuliza, "Na Scola?" Akasema, "Scola umemlea wewe," akaondoka na birika.

Nimelifikiria neno hilo siku nzima. Sidhani lilikuwa tusi, lakini halikuwa sifa pia.

11 Agosti

Taarifa imekwisha, kurasa sita. Nimeandika kwamba Gasper ana mwili bora niliopata kuuona tangu nistaafu, kwamba ana moyo wa kumrudia mwenzake, na kwamba alivunja maficho kwa ajili ya mama aliyeanguka. Sikuliita kosa wala sikulificha. Nimeandika kwamba Scola ni wa pili kwa mbio na kwa maji, na wa kwanza kwa kila jambo linalofanyika baada ya mtu kuchoka. Nimeandika kwamba alivunja kanuni ya saba mara mbili, kule na huku, na kwamba kwa saa saba katika matete nimeona kwa macho yangu kuwa mikono yake sasa inamsikiliza. Nimeeleza undugu wetu katika aya ya kwanza, ili msomaji apunguze maneno yangu kwa kadiri anavyoona inafaa.

Mwishoni nimeandika jina moja. Nimeandika Scola.

Nimeongeza ukurasa kuhusu kanuni yenyewe. Mimi na wewe tuliiandika katika nchi ambayo mgeni akinyamaza hupita. Huku Uha, akinyamaza hukamatwa. Nimependekeza isomeke kwamba mtahiniwa hatagunduliwa, basi. Sahihi yangu ipo. Nimekuachia nafasi ya yako, ukikubali.

12 Agosti

Leo nimewaita nyumbani na kuwapa taarifa waisome mbele yangu, kila mmoja kurasa zote. Ilichukua karibu saa nzima. Winfrida alileta mihogo, hakuna aliyeigusa.

Scola alimaliza kwanza. Mikono ilikuwa juu ya meza, imetulia. "Baba mkubwa, futa pale uliposema nilitapika."

"Ulitapika."

"Ndiyo," alisema, na hakudai tena.

Gasper alirudia aya ya mwisho. Nilimwambia anaweza kuandika maoni yake chini, na nitayapeleka yalivyo. Alichukua kalamu, akafikiri, akaandika kwa herufi kubwa: Nimesoma. Jina lililoandikwa silo ambalo ningeliandika mimi. Yaliyoelezwa ni kweli. Akatia sahihi, akamsogezea Scola kalamu.

"Tia na wewe, Koplo. Ukienda ukarudishwa tena, nitakuja kuchukua nafasi yangu na riba."

"Sitarudishwa."

"Najua. Nilikuwa najaribu kukutisha."

13 Agosti

Nimeipeleka bahasha kambini mwenyewe, nimevaa shati lililopigwa pasi. Kamanda aliipokea kwa mikono miwili, akapima unene wake, akaniuliza kama kuna neno la mdomo ninalotaka kuongeza. Nilimwambia hakuna. Akasema atawaita wote wawili mbele ya maofisa wake, atawahoji yeye mwenyewe, na atatamka jina kabla ya mwezi kwisha. Alinionya kwamba huenda asikubaliane nami. Nilimwambia kwamba nimewanoa wawili, na yeyote atakayemchagua hatamwaibisha.

Nililisema hilo na ninaliamini. Lakini kwako sitaficha: ninataka liwe Scola, na si kwa sababu ya damu. Ninataka kwa sababu alijibu "sijui" siku ambayo uongo ulikuwa rahisi.

Daftari hili silifungi kwa bahasha wala kulipeleka posta kwa sasa. Linabaki juu ya meza, na siku kamanda atakapotamka jina nitakaa hapa na kukuandikia, hata kama ni lile ambalo sikuliandika mimi.